Jiwe la Misri katika Uwanja wa Mtakatifu Petro

Kamati ya sikukuu ya jubilei ya parokia yetu iliniomba niandike kurasa chache za historia. Wengine wameandika habari za wamisionari wa kwanza, za wakatekista wa kale na za ujenzi wa kanisa letu. Mimi nilipewa kazi ya kuwatembeza wasomaji katika uwanja ulio mbele ya Bazilika ya Mtakatifu Petro huko Roma. Wakristu wengi huuona uwanja huo katika picha ya kalenda, juu ya ukuta wa nyumba, lakini hawajui kilichomo. Katika Mwaka Mtakatifu wa 2025 baadhi yetu tulipata neema ya kuukanyaga kwa miguu yetu wenyewe. Tuliporudi, wazee walituuliza neno moja tu: mliona nini huko? Siku ile nilijibu vibaya, maana nilikuwa nimechoka na safari. Leo najaribu kujibu vema zaidi.

Wahujaji wengi hufika wakitoka upande wa mto Tevere, kwa njia pana iitwayo Via della Conciliazione, yaani Njia ya Mapatano. Ukiwa mbali waona kanisa lote, na paa lake la mviringo lenye msalaba juu, metri 136 kutoka chini. Mgeni hufikiri kwamba njia hiyo imekuwako tangu zamani za Mapapa wa kale. Sivyo. Hapo palikuwa na mtaa wa watu, wenye nyumba zilizobanana, maduka, makanisa madogo na vichochoro. Waroma waliuita Spina. Mhujaji wa zamani alipita katika giza la vichochoro hivyo, halafu ghafula akatokea katika mwangaza wa uwanja. Mwaka wa 1929 Kiti Kitakatifu na serikali ya Italia walifanya mapatano ya Laterano, na nchi ndogo ya Vatikano ikazaliwa. Mwaka wa 1936 Mussolini alianza kubomoa mtaa huo ili ukumbusho wa mapatano uwe njia iliyonyoka. Kazi ilikwisha mwaka wa 1950, kwa ajili ya Mwaka Mtakatifu. Watu waliokaa pale walihamishwa, wengi wao wakapelekwa pembeni kabisa ya mji. Njia ni nzuri, sikatai. Lakini mimi niliye mwenyeji wa mji ambamo watu wamekwisha kuona nyumba zao zikitiwa alama ya rangi ili zibomolewe, sikuweza kuipita bila kuwafikiri wale waliofungasha vyombo vyao.

Mwisho wa njia hiyo kuna mstari mweupe chini, katika mawe. Ndiyo mpaka wa inchi mbili. Tangu mwezi wa Septemba 1943 hadi Juni 1944, askari wa Ujerumani walipoushika mji wa Roma, walikuja mpaka kwenye mstari ule na kusimama. Siku hizi watoto huruka juu yake wakicheka, mguu mmoja Italia, mguu mwingine Vatikano.

Sasa tuingie. Katikati kabisa ya uwanja imesimama nguzo ya jiwe jekundu, pana chini na nyembamba juu, yenye ncha. Wataalamu huiita obeliski. Ni jiwe moja lisilo na kiungo, lenye urefu wa metri 25, na uzito wake wapata toni 330. Ukihesabu na msingi wake na msalaba ulio juu, yafika metri 41 hivi. Juu ya jiwe hilo nataka kukaa kidogo, maana ndilo lililonishika moyo kuliko kanisa lenyewe. Ni jiwe la Afrika.

Lilichongwa Misri, katika zamani za wafalme wa kale au za Waroma wa kwanza, maana halina maandiko ya Kimisri juu yake kama obeliski nyingine. Waroma waliitwaa Misri mwaka wa 30 kabla ya Kristu. Kaisari Kaligula, aliyetawala toka mwaka wa 37 hata 41, aliamuru jiwe liondolewe Aleksandria na kuletwa Roma. Merikebu iliyolibeba ilikuwa kubwa hata mwandishi Plinio aliistaajabia katika kitabu chake: anasema kwamba ili isiyumbe baharini walijaza ndani yake shehena kubwa ya dengu. Baada ya safari hiyo merikebu ikawekwa kuonyeshwa watu, halafu Kaisari Klaudio akaizamisha penye bandari ya Ostia ili iwe msingi wa mnara wa taa. Kwa hiyo twajua habari za merikebu, twajua na habari za dengu. Majina ya Wamisri waliolikata jiwe katika mwamba na kulivuta mpaka mtoni hayakuandikwa pahali popote. Kaisari hakulinunua, alilichukua. Sisi wa Kongo, ambao vitu vya wazee wetu vimejaa katika jumba la Tervuren karibu na Bruxelles, twalijua neno hilo “kuchukua”.

Kaligula alilisimamisha katika kiwanja chake cha mashindano ya magari ya farasi, ng’ambo ya mto, chini ya kilima cha Vatikano. Kaisari Nero alikirithi kiwanja kile. Mwaka wa 64 moto mkubwa uliteketeza mitaa mingi ya Roma, na watu wakanong’ona kwamba Nero mwenyewe ndiye aliyeuwasha. Mwandishi Tasito, ambaye hakuwa mkristu wala hakuwapenda wakristu, anasimulia jinsi Nero alivyowasingizia wakristu kosa hilo ili ajiponye. Walivikwa ngozi za wanyama na kuraruliwa na mbwa, walitundikwa misalabani, wengine walichomwa usiku wawe taa katika bustani zake. Mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba Petro, mvuvi wa Galilaya, aliuawa pahali hapo katika dhuluma ya Nero, naye aliomba asulibiwe kichwa chini, akijiona hastahili kufa kama Bwana wake. Alizikwa karibu, katika makaburi ya watu wa kawaida kando ya kilima. Basi kama jiwe lingekuwa na macho, lilimwona. Watu wa Roma huliita shahidi asiyesema.

Kiwanja kilianguka, ng’ombe wakala majani pale, lakini obeliski haikuanguka. Zote za Roma ziliangushwa kwa muda wa karne, isipokuwa hiyo. Katika karne ya nne Kaisari Konstantino alijenga kanisa kubwa juu ya kaburi la Petro, na jiwe likabaki ubavuni mwa kanisa, upande wa kusini, likizama polepole katika udongo na takataka. Juu yake palikuwa na tufe la shaba. Watu wa karne nyingi waliamini ya kuwa ndani ya tufe hilo mna majivu ya Yulio Kaisari. Mwaka wa 1527 askari wa Karolo wa Tano waliuteka mji na kuunyang’anya. Katika siku ya 6 Mei askari Waswisi 147 wa Papa walikufa wakimlinda Klemente wa Saba, aliyekimbia kwa njia ya juu ya ukuta mpaka ngome ya Malaika Mtakatifu. Tufe la shaba lina alama za risasi mpaka leo. Liko katika makumbusho ya Kapitolio. Walipolifungua halikuwa na majivu ya mfalme yeyote, ni vumbi tu lililoingia kwa upepo.

Mwaka wa 1585 alichaguliwa Papa Sisto wa Tano. Alizaliwa katika nyumba ya maskini, na yasemekana kwamba alipokuwa mtoto alichunga nguruwe. Alitawala miaka mitano tu, lakini aliugeuza mji. Aliamuru obeliski isogezwe mpaka mbele ya kanisa. Ni mwendo wa metri 250 hivi; mtu huutembea kwa dakika nne. Hata Mikelanjelo, walipomwuliza zamani kidogo, alikataa kazi hiyo, akiogopa jiwe lisivunjike. Fundi Domenico Fontana alikubali. Alijenga mnara wa miti kulizunguka, akalivika jiwe mikeka na mbao, akafunga kamba nene, akaweka magurudumu makubwa ya kuzungushwa na watu na farasi. Tarehe 30 Aprili 1586 watu karibu 900 walianza kulinyanyua. Waliungama kwanza na kupokea Komunyo, kama watu wanaokwenda vitani. Kazi iliendeshwa kwa sauti ya tarumbeta na kengele: tarumbeta ikilia, vuteni, kengele ikilia, simameni. Siku ya 10 Septemba mwaka uleule jiwe lilisimama pahali lilipo leo.

Masimulizi yanasema kwamba kusema neno siku ile kulikatazwa kwa adhabu ya kifo, na kwamba kamba zilipoanza kutoa moshi kwa kulegea na kusuguana, baharia mmoja mtu wa Sanremo alipaza sauti kwamba zimwagiwe maji. Zikamwagiwa, zikakaza, jiwe likaokoka, na Papa badala ya kumwua akampa thawabu. Wanahistoria hawaoni habari hiyo katika maandiko ya wakati ule. Lakini nimewasimulia watoto wa katekesimu, nao wameipenda sana. Tena kila mtu aliyewahi kuvuta gogo kwa kamba anajua kwamba fundi mkubwa huhitaji mara nyingine shauri la mtu mdogo.

Kanisa lenyewe nitalipitia kwa haraka, maana limeandikiwa vitabu vingi. Papa Yulio wa Pili aliweka jiwe la kwanza tarehe 18 Aprili 1506, na Papa Urbano wa Nane akalitabaruku tarehe 18 Novemba 1626. Ni miaka 120. Bramante alianza, Rafaeli akafuata, Mikelanjelo akachora paa la mviringo akafa kabla halijaisha, Giacomo della Porta akalimaliza mwaka wa 1590, na Carlo Maderno akajenga uso wa mbele mwaka wa 1612. Wazee wetu waliotwika matofali kutoka tanuru hadi kiwanja cha kanisa wasihuzunike kwa kuwa kazi yao ilikawia. Lakini historia ya kweli hutaka kutaja na yasiyopendeza. Ili kupata fedha, Papa Leo wa Kumi aliruhusu rehema zitangazwe kwa sadaka, na huko Ujerumani watangazaji wengine walizifanya kama bidhaa ya sokoni. Mwaka wa 1517 Martino Luther aliandika kuzipinga, na Kanisa la magharibi likapasuka. Kwa hiyo jumba lililojengwa juu ya kaburi la Petro, mchungaji wa wote, liligharimu zaidi ya fedha. Na mhujaji akitazama juu ya mlango mkubwa ataona maandishi marefu: kanisa limejengwa kwa heshima ya Mkuu wa Mitume. Jina linaloangukia katikati hasa, juu ya mlango, ni la ukoo wa Papa Paulo wa Tano, Borghese. Waroma walilicheka jambo hilo tangu mwaka ule, wala hawajaacha.

Uwanja kama tunavyouona ni kazi ya Gian Lorenzo Bernini, aliyeitwa na Papa Aleksandro wa Saba. Ulijengwa toka mwaka wa 1656 hadi 1667. Nguzo za mviringo ni 284, zimepangwa safu nne nne, na za mraba ni 88. Juu yake zimesimama sanamu 140 za watakatifu, kila moja yapita metri 3. Bernini mwenyewe alieleza kwamba safu hizo ni mikono ya mama: Kanisa lawakumbatia waamini ili wathibitike, waliotengana ili warudi, na wasioamini ili waangazwe. Alitaka pia kujenga mkono wa tatu wa kuufunga uwanja mbele, lakini Aleksandro akafa mwaka wa 1667 na mpango ukaachwa. Mimi nasema: afadhali. Mama anayefumba mikono yote hawezi kumpokea mtoto mwingine.

Kati ya obeliski na kila chemchemi (ni mbili; moja ya Maderno, nyingine ya Bernini) kuna duara la jiwe chini. Simama juu yake na kutazama safu iliyo karibu: nguzo nne zajificha moja nyuma ya nyingine, nawe waona safu moja tu. Piga hatua moja pembeni, na msitu wa nguzo watokea. Mmoja wetu, fundi seremala, alikaa pale muda mrefu akienda na kurudi, mpaka tukamwacha.

Upande wa kulia, karibu na safu, limo katika sakafu jiwe dogo jeupe. Tarehe 13 Mei 1981, saa kumi na moja na dakika 17 za jioni, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi pahali hapo akiwa katika gari kati ya watu. Alikuwa ametembelea inchi yetu mwaka mmoja tu kabla, mwezi wa Mei 1980. Alipona. Siku ya 27 Desemba 1983 alikwenda gerezani kumtembelea Mehmet Ali Ağca aliyempiga, wakakaa viti viwili karibu karibu, wakiongea kwa sauti ya chini. Katika Desemba 1981 iliwekwa juu ya pembe ya jumba picha ya Bikira Maria, Mama wa Kanisa, ielekeayo uwanja. Masista wetu walipiga magoti kando ya jiwe lile. Watu walipita kushoto na kulia, wengi bila kujua wanakanyaga nini.

Nimeulizwa kama Kongo ina pahali pake katika uwanja huo. Ninajibu: ndiyo, tena mara nyingi. Katika Aprili 1994 maaskofu wa Afrika walikutana huko kwa Sinodi yao ya kwanza, na tarehe 24 ya mwezi ule Isidori Bakanja, kijana wa Ekwateri aliyepigwa mijeledi kwa ajili ya skapulari yake akafa mwaka wa 1909, alitangazwa Mwenye Heri. Ilikuwa furaha yenye machozi, maana siku zilezile damu ilimwagika katika Rwanda, na wakimbizi walikuwa karibu kuvuka mpaka wetu. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa ndani ya bazilika kwa ibada yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka wa 1988, na tena tarehe 3 Julai 2022, alipozuiwa na goti kuja kwetu. Alifika Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023. Na tarehe 15 Juni 2025, katika bazilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za mji, Floribert Bwana Chui wa Goma alitangazwa Mwenye Heri. Alifanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, akakataa rushwa ya kupitisha vyakula vilivyoharibika, akauawa mwaka wa 2007.

Kitu cha mwisho hakipo katika kalenda za zamani. Chini ya safu za Bernini umewekwa mtumbwi wa shaba, tangu tarehe 29 Septemba 2019. Ni kazi ya mchongaji wa Kanada, Timothy Schmalz. Ndani yake wamesimama watu 140, wa nyakati na makabila mengi, wamebanana, kila mmoja na mzigo wake. Katikati yao mabawa mawili ya malaika yatokea, bila kujulikana ni ya nani. Idadi yao ni sawa na ya watakatifu walio juu ya nguzo. Mama mmoja wa kundi letu, ambaye amekimbia vita mara tatu na watoto wake, alizunguka mtumbwi ule polepole, akigusa mizigo. Kisha akasema: huyu amebeba sufuria. Hakusema neno jingine mpaka chakula cha jioni.

Kando ya hapo, nyuma ya nguzo, kuna bafu ndogo zilizofunguliwa mwaka wa 2015, kwa agizo la Baba Mtakatifu Fransisko, kwa maskini wanaolala nje. Asubuhi tuliwaona wakingojea zamu yao, na taulo mabegani.

Wale watakaokwenda Roma baada yetu, nawashauri wafike mapema, kabla mstari wa watu haujawa mrefu. Wakimaliza kusali ndani, wangojee adhuhuri nje. Tangu mwaka wa 1817 yamewekwa katika sakafu mawe meupe ya kuhesabu mwaka kwa kivuli cha obeliski: mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huwa kifupi, mwezi wa Desemba hufika mbali kabisa. Sisi tulikuwa pale katika Juni. Kivuli cha jiwe la Misri kilikuja mpaka kwenye alama yake, kama kinavyofanya kila mwaka, nasi tukasimama ndani yake, maana jua lilikuwa kali.